Jinsi ya Kuutambua Mkoba wa Mchungaji, Gugu Dogo la Ukoo wa Kabichi

Kila masika yakikolea, watu wa nyanda za juu wakiwa kwenye palizi ya kabichi na viazi, simu yangu hujaa picha. Zote zinafanana: kiganja chenye udongo, kimea chembamba juu yake, na kileleni vijiua vyeupe vidogo kuliko punje ya mchele. Swali nalo halibadiliki: "Hili gugu ni lipi, na je, linaliwa?"

Jibu langu la kwanza nalo halibadiliki, basi heri niliseme hapa mwanzoni: usinitumie ua, nitumie tunda. Katika ukoo huu maua yanafanana kama mapacha, lakini matunda kila moja lina sura yake. Mimi mwenyewe ua lilishanipoteza. Jirani yangu, mama anayefuga ng'ombe, alinionyesha picha ya kimea kilichojaa kwenye kitalu chake cha sukuma wiki. Niliona petali nne nyeupe, yale majani ya ua yenye rangi, nikamjibu papo hapo kwamba ni mkoba wa mchungaji. Siku ya tatu nikapita kwake, nikachuma tunda moja na kulipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na mbegu mbili tu. Nilikuwa nimempa jina la mmea mwingine kabisa. Tangu siku ile sitoi jina kabla sijaliona tunda, na nakuomba nawe ushike hivyo hivyo.

Kwanza jina lenyewe. Kitaalamu mmea huu ni Capsella bursa-pastoris. Ni Kilatini: capsella ni kisanduku kidogo, bursa ni mkoba, na pastoris ni "wa mchungaji". Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika mwaka 1753 chini ya jenasi nyingine (kundi la spishi za karibu), Thlaspi. Medikus, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, akauhamishia Capsella mwaka 1792. Katika kuhama huko neno mkoba halikuguswa, kwa sababu tunda lake lina umbo la kimkoba cha ngozi cha wachungaji wa Ulaya wa zamani. Humu nitauita mkoba wa mchungaji, nikifuata Kilatini hicho. Usiuchanganye na mchunga, ile mboga chungu tunayoijua sote. Mchunga ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Mkoba wa mchungaji hautoi maziwa hata tone.

Kwa nini ujisumbue kuujua? Kwa mkulima wa mboga sababu ni nzito. Mmea huu ni ndugu wa kabichi, sukuma wiki, figili na haradali, na magonjwa ya ndugu hao unayabeba pia. Uvimbe wa mizizi wa kabichi huweza kuishi kwenye mizizi yake, na kutu nyeupe kwenye shina na matunda yake. Vidukari na viwavi wa nondo wa kabichi hupata chakula humo wakati shamba limepumzika. Mtu anabadilisha mazao vizuri, msimu huu kabichi, ujao viazi, lakini anaacha gugu hili pembeni mwa shamba, na uvimbe unaendelea kuishi papo hapo. Kabla ya kuling'oa kwa makusudi, sharti ulijue.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi

- Kioo cha kukuzia kinachokuza mara 10. Kile kidogo cha mfukoni wanachotumia masonara kinatosha kabisa.
- Rula yenye milimita.
- Sindano ya kushonea, au mwiba mkali.
- Karatasi nyeupe isiyo na mistari.
- Kisu kidogo au kijiko cha kuchimbia.
- Kopo lenye kifuniko na kitambaa kibichi, la kubebea mmea usinyauke. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na kwa kazi hii kopo ni bora hata hivyo, maana halipondi matunda.
- Simu yenye kamera.
- Magazeti ya zamani, kama unataka kukausha sampuli.

Chagua saa za asubuhi umande ukishakauka. Maua yenye maji hushikana, na kwa vitu vya milimita mbili hutaona chochote.

Hatua kwa hatua

1. Anza na mahali ulipo. Mkoba wa mchungaji asili yake ni upande wa Ulaya na Asia, nao umeenea duniani pamoja na kilimo. Kwetu Afrika Mashariki ni mmea wa penye baridi. Utafute kwenye bustani za mboga, kando ya njia, uani, na penye udongo uliochimbuliwa karibuni, maeneo kama Kinangop na Limuru huko Kenya. Kama uko Mombasa au Dar es Salaam na joto lake, ulicho nacho mkononi huenda ni mmea mwingine. Endelea na hatua zote, lakini kwa shaka zaidi.

2. Ng'oa mmea mzima, usichume kilele. Ingiza kisu pembeni, inua udongo, mmea utoke na mzizi wake. Utaona mzizi mkuu mmoja, mwembamba, wa rangi ya maziwa, wenye vijizizi pembeni. Chagua mmea wenye maua juu na matunda chini yake. Kuupata si kazi ngumu, kwa sababu shina lake hurefuka huku likichanua: kileleni kuna vitumba, chini yake maua, chini zaidi matunda machanga, na chini kabisa matunda yaliyokomaa. Mmea mmoja unakuonyesha umri wake wote kwa wakati mmoja.

   *Angalizo:* nusu ya makosa ninayoyaona yanaanza hapa. Mtu anachuma kilele cha sentimita tatu, majani ya chini yanabaki shambani, kisha anataka jina.

3. Hesabu sehemu za ua. Weka ua moja kwenye karatasi nyeupe, tumia kioo. Lazima ukute petali nne nyeupe zilizokaa kama msalaba, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 2 hadi 3. Chini yake kuna sepali nne, vifuniko vya kitumba, za kijani, pengine zenye wekundu. Ndani kuna stameni sita, vile vijiti vyenye chavua: nne ndefu, mbili fupi. Msalaba huo ndio kitambulisho cha ukoo mzima wa kabichi, wenye karibu spishi 4,000. Kwa hiyo hatua hii inakuambia ukoo tu. Mtu mwenyewe bado hujamjua. Ukikuta petali tano, acha hapo hapo. Si ukoo huu.

4. Tazama majani ya chini, lakini usiyaamini sana. Majani ya chini hukaa duara, yamelala ardhini kama miale ya jua, kila moja likiwa refu na lenye kingo zilizokatwakatwa kwa ndani. Shida ni kwamba hayana msimamo. Mmea mmoja una majani yaliyokatwa sana hadi karibu na mshipa wa kati, jirani yake ana majani mazima yenye vijimeno tu, na wote wawili ni mkoba wa mchungaji. Umri nao unachangia: majani ya kwanza kabisa huwa mazima, yanayofuata ndiyo hukatika. Andika ulichoona, kisha songa mbele.

5. Panda juu, tafuta jani la shina. Hapa sasa kuna ushahidi. Majani yaliyo kwenye shina ni machache, madogo, hayana kikonyo, na umbo lake ni la chembe cha mshale. Kitako cha jani kina masikio mawili yaliyochongoka, yanayolikumbatia shina na kutokeza upande wa pili. Geuza shina polepole mbele ya kioo mpaka uyaone yote mawili. Watu wengi hulitazama jani kwa juu, wasiyaone masikio, wakaandika "hayapo". Lazima ulitazame kutoka nyuma ya shina.

6. Sasa tunda. Tulia hapa. Chukua tunda lililo chini kwenye shina, lenye urefu wa milimita 5 hadi 9. Liweke bapa kwenye karatasi. Mkoba wa mchungaji una tunda bapa la pembetatu, karibu sawa na moyo: upande mwembamba uko kwenye kikonyo, upande mpana uko juu, na katikati ya upande huo mpana kuna kibonyeo. Ndani ya kibonyeo kumesimama kijiti kifupi sana, mabaki ya sehemu ya ua iliyopokea chavua. Kikonyo ni chembamba kama uzi, huwa kirefu kuliko tunda lenyewe, na kimetoka pembeni ya shina karibu usawa kama mkono ulionyooshwa. Ukilisimamisha shina lote mbele ya mwanga wa dirisha utaona matunda yamepangika kulizunguka, yametengana vizuri, kila moja na nafasi yake.

   *Angalizo:* tunda changa halijafikia umbo hili. Likiwa na milimita 2 huonekana kama yai au kabari, na huko ndiko linakofanana na ndugu zake. Usipime tunda lililo karibu na maua, shuka chini.

7. Pasua tunda, hesabu mbegu. Hatua hii watu huiruka kwa sababu inahitaji subira ya dakika mbili, nayo ndiyo inayomaliza ubishi. Chukua tunda lililoanza kugeuka manjano, lisiwe kavu la kujipasukia. Kwenye upande bapa utaona mstari unaolikata katikati kutoka kikonyo hadi kwenye kibonyeo. Shika kikonyo kwa vidole viwili, ingiza ncha ya sindano kwenye mstari huo karibu na kikonyo, kisha inua. Ganda la upande mmoja litabanduka zima, na ndani yake pana bonde kama mtumbwi. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Kinachobaki kwenye kikonyo ni ukuta mwembamba, angavu kama ngozi ya kitunguu, na mbegu zimening'inia pembeni yake.

   Hesabu. Mkoba wa mchungaji una mbegu kama kumi au zaidi kila upande, karibu ishirini kwa jumla. Ni ndogo, za milimita moja au chini yake, umbo la yai jembamba, rangi ya kahawia yenye wekundu. Ukikuta moja kila upande, una mmea mwingine, na nitakuambia upi hapo chini. Tunda lililoliwa na mdudu au lisilokomaa vizuri linaweza kuwa na mbegu chache, kwa hiyo pasua matatu kutoka mimea tofauti kabla ya kuamua.

8. Malizia na vinyweleo. Geuza jani la chini, lielekeze kwenye mwanga, na utumie kioo. Upande wa chini wa jani utaona vinyweleo vyenye matawi, kama vijinyota vilivyobandikwa. Kwenye shina na kingo pengine kuna vinyweleo vya kawaida visivyo na tawi, na hilo halina shida. Nyota ndizo tunazozitafuta. Kama macho yako hayana nguvu, bandika kioo cha kukuzia mbele ya kamera ya simu, piga picha, kisha ivute kwa vidole. Mimi siku hizi hufanya hivyo.

9. Weka ushahidi. Piga picha tano: mmea mzima kando ya rula, duara la majani ya chini, jani la shina likitazamwa kutoka nyuma, ua kwa karibu, na tunda, moja zima na moja lililopasuliwa, kwenye karatasi nyeupe. Gusa skrini mahali pa kitu chenyewe ili kamera isiende kukamata majani ya nyuma. Ukitaka sampuli ya kudumu, tandaza mmea ndani ya gazeti, weka vitabu vizito juu, na badilisha gazeti kila siku mpaka ukauke. Andika tarehe, mahali, aina ya udongo, na rangi ya maua, kwa sababu rangi hupotea. Sampuli ya namna hiyo unaweza kuipeleka kwenye hebaria, nyumba inapohifadhiwa mimea iliyokaushwa, kama ile ya Afrika Mashariki iliyo ndani ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi, au ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala.

Wanaofanana nao

Anayewapotosha watu kuliko wote ni jenasi Lepidium, na ndiye aliyekuwa kwenye kitalu cha jirani yangu. Maua ni meupe au ya kijani-kijani, madogo zaidi, mara nyingine petali hazionekani kabisa. Tunda ni bapa na lina kibonyeo juu, hilo ni kweli, lakini ni la mviringo au la yai, na kwa haya yanayoota mashambani kwetu urefu ni kama milimita 3. Mbegu ni moja kila upande, jumla mbili. Majani ya shina ni membamba na hayakumbatii shina kwa masikio, na vinyweleo vyake havina nyota. Tofauti ni nyingi. Mtu akikosea hapa ni kwa sababu alitazama ua.

Yuko Lepidium mwingine, Lepidium didymum, aliyetoka Amerika ya Kusini. Huyu hutambaa, amelala chini, na tunda lake ni mipira miwili yenye mikunjo iliyogandamana kama miwani. Ukimkanyaga tu harufu yake kali inapanda. Wafugaji mjihadhari naye: ng'ombe akimla, maziwa hushika harufu na ladha mbaya, na mtu anaweza kuosha ndoo kutwa nzima asijue chanzo kiko malishoni.

Kwenye trei za miche na vitalu vinavyomwagiliwa kila siku utakutana na Cardamine hirsuta. Majani yake yameundwa na vijijani vya mviringo vilivyopangwa wawili wawili, na stameni mara nyingi ni nne badala ya sita. Tunda lake ni refu na jembamba kama sindano nene, la sentimita mbili hivi, limesimama wima kuyapita maua. Likikomaa ukiligusa hupasuka ghafla na kurusha mbegu hadi usoni. Mkoba wa mchungaji haurushi chochote.

Milimani zaidi kuna Arabidopsis thaliana, kimea chembamba chenye matunda membamba ya sentimita moja au mbili, na majani ya shina yasiyo na masikio. Kinaota porini kwenye milima yetu, Kilimanjaro na Mlima Kenya ikiwemo. Wengi hukipita bila kujua kwamba hakuna mmea uliochunguzwa maabara kuliko huo. Jenomu yake, yaani mpangilio wote wa vinasaba vyake, ilichapishwa mwaka 2000, ya kwanza kwa mmea wowote. Kwa vinasaba ni jamaa wa karibu wa mkoba wa mchungaji, lakini tunda linawatenganisha kwa sekunde moja.

Erucastrum arabicum, ambao umejaa mashambani, ni mkubwa zaidi. Petali zake ni za manjano hafifu zinazopauka kuwa nyeupe, na tunda ni refu. Tunda refu na jembamba, basi si mkoba wa mchungaji, jina liwe lolote.

Nje ya ukoo huu, kuna Stellaria media, laini, unaotambaa. Petali zake ni tano, kila moja imepasuka katikati, ndiyo maana ukihesabu kwa haraka unapata kumi. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana.

Kuhusu kula

Ndiyo, mkoba wa mchungaji huliwa. Wachina huupanda kama mboga na huuchanganya na nyama ndani ya vifuko vya unga vinavyochemshwa. Wajapani huutia kwenye uji wa wali wenye mboga saba unaoliwa tarehe 7 Januari. Majani machanga ya duara la chini, kabla shina halijapanda, ndiyo mazuri, yana ukali kidogo kama wa figili.

Nasisitiza mambo matatu. Usionje ili kutambua. Tambua kwanza, kisha uonje. Hatari kubwa iko kwenye duara la majani lisilo na ua, kwa sababu kuna mimea ya jenasi Senecio ambayo nayo huanza maisha kwa duara la majani yaliyokatwakatwa, na ina sumu inayoharibu ini polepole bila dalili ya haraka. La pili, usichume penye kupuliziwa dawa wala kando ya barabara kuu. La tatu, mama mjamzito asiule. Tangu zamani umetumika kama dawa ya kukaza mji wa mimba.

Kama unataka kuuondoa

Ung'oe kabla tunda la chini kabisa halijageuka manjano. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, hauhitaji mwenzake kuchavushwa, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri jembe liziinue juu. Zikilowa hutoa ute unaonata, zikashika kwenye soli ya kiatu na kwato. Kwa hiyo usiitupe mimea yenye matunda kwenye mboji, na kung'uta jembe kabla ya kuhamia shamba jingine.

Ukikwama

*Mmea hauna tunda, una duara la majani tu.* Usikisie. Acha mmea mmoja au miwili pembeni, uwekee kijiti cha alama, urudi baada ya wiki mbili tatu. Kama huwezi kusubiri, chimba mmoja na donge la udongo wake, uupande kwenye kopo dirishani.

*Ua halina petali.* Hutokea kwa mkoba wa mchungaji pia, si kwa Lepidium peke yake. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 6 na ya 7.

*Mmea una urefu wa sentimita 5 tu na tayari una matunda.* Udongo duni, ukame au kukanyagwa huufanya hivyo. Kwenye udongo wenye samadi ndugu yake hufika sentimita 50. Urefu hautuambii kitu. Umbo la tunda halibadiliki.

*Shina limepinda na kuvimba, na juu yake kuna unga mweupe kama chokaa.* Hiyo ni kutu nyeupe, Albugo candida. Matunda ya mmea huo yatakuwa yamepotoka, usiyatumie kutambulia. Tafuta mmea usio na ugonjwa kando yake. Kisha tazama haradali na figili zako zilizo jirani.

*Programu ya simu inasema jina jingine.* Programu nyingi zinahukumu kwa sura ya jumla, na kwa duara la majani hukosea mara kwa mara. Iletee picha ya tunda lililokomaa kwenye karatasi nyeupe, uone kama italirudia jibu lake. Zikipingana, sindano na mbegu ulizohesabu ndizo za kuaminiwa.

*Nimepasua matunda, mengine yana mbegu ishirini, mengine mbili.* Una mimea miwili tofauti kwenye kopo moja. Inaota pamoja sana. Itandaze yote, tenga yenye pembetatu upande mmoja na yenye mviringo upande mwingine, kisha uanze upya hatua ya 5 kwa kila kundi.

*Mmea umeshakauka wote, maganda yamedondoka.* Bado kuna kitu. Angalia kwenye vikonyo: kila kimoja kimebaki na ule ukuta mwembamba wa katikati, umesimama kama kijijani kidogo cheupe. Kisha pekua udongo ulio chini ya shina. Maganda yenye umbo la mtumbwi huwa bado yapo hapo, na ukiyaweka mawili kando kwa kando kwenye karatasi, moyo unarudi.